Fundi, Mbona Muhuri Wangu Unatoa Mabaka?

Barua za mihuri ya kuchonga kwa mkono zimezidi zote mwezi huu. Nimechagua zile zenye faida kwa wengi. Za kuuliza bei nimeziweka kando. Bei njooni tuzungumze mezani kwangu Kariakoo, tukiwa tunatazamana usoni.

SWALI: Shikamoo fundi. Nauza maandazi na keki ndogondogo hapa Tabata, nafungasha kwenye mifuko ya khaki. Nimechonga mwenyewe muhuri wa kikombe cha chai kwenye raba kubwa ya shule, ya kufutia. Mchoro umekaa vizuri, ila nikigonga unatoa mabaka: hapa wino umejaa, pale hakuna kitu. Nimechonga mwingine, mambo yaleyale. Hiki kisu changu kina nini? Nimekuwekea na mfuko mmoja uone. (Mama Maandazi, Tabata)

JIBU: Marahaba mama. Mfuko nimeuona, na kisu chako hakina kosa lolote. Kingo za kikombe zimekatwa safi, na ule mvuke wa chai uliouzungusha juu umenifurahisha. Weka kisu chini. Wengi wanaoniletea mihuri iliyogoma huja wakilaumu kisu, kumbe tatizo liko kwenye wino, kwenye kitako au kwenye mkono unaogonga. Kwako naona yote matatu.

Tuanze na raba yenyewe. Raba mpya ina uso unaoteleza, una mafuta kwa mbali. Wino wa maji ukitua pale unajikusanya vitone badala ya kutandaa, ndiyo yale madoadoa matupu katikati ya kikombe. Chukua msasa laini kabisa, ule ambao fundi rangi anamalizia nao, ulaze mezani, kisha upitishe uso wa muhuri juu yake mara chache kwa mkono mwepesi. Usibonyeze. Ukiona mng'ao umefifia, osha kwa maji na sabuni, kausha.

Halafu pedi. Nadhani unaukandamiza muhuri kwenye pedi, maana hata sehemu ulizochimba zimechapa. Muhuri wa mkono hauna kina kirefu. Ukiukandamiza kwenye pedi iliyolowa, sponji inapanda mpaka mashimoni. Geuza mambo: shika muhuri kwa mkono mmoja, uso juu, na pedi ndiyo uigongegonge juu yake kidogokidogo mpaka uone uso wote umelowa sawasawa. Hapo unaona kila unachopaka. Pedi ikiwa imejaa kupita kiasi, iguse kwanza kwa gazeti.

Kitako nacho. Raba tupu ikishikwa na vidole inapinda, katikati inainuka na pembe zinazama. Ibandike kwenye kipande cha plaiwudi kilichonyooka. Gundi ya fundi viatu inafaa: paka pande zote mbili, subiri ikauke mpaka isishike kidole, ndipo ubandike. Juu ya plaiwudi chora mshale wa kuonyesha upande wa juu wa picha, la sivyo siku ya haraka utauza maandazi yenye kikombe kilichopinduka.

Sasa mfuko. Mfuko wa khaki una mshono wa gundi unaopita mgongoni kwa urefu wake. Wewe umegonga mbele, lakini mshono uko chini palepale, unanyanyua karatasi, na pembeni yake kunabaki tupu. Ule mstari mtupu unaokata kikombe wima ndio huo. Kata kadibodi ngumu inayoingia ndani ya mfuko, iweke kabla ya kugonga, na chini ya mfuko tandika gazeti lililokunjwa. Kisha bonyeza wima, mara moja, kwa uzito wa bega. Usipige ngumi, wala usiubembeze muhuri huku na huku, maana hapo ndipo kingo zinapochafua. Gonga mifuko ikiwa mitupu, iache ikauke, na wino ubaki nje tu, chakula kisiuguse.

Na la mwisho, rangi. Wino wa zambarau wa ofisini umetengenezwa kwa rangi iliyoyeyuka kama sukari kwenye chai, na rangi ya namna hiyo jua linaila. Mfuko ukikaa siku kadhaa kwenye kibanda kinachotazama magharibi, kikombe chako kitapauka. Ulizia wino wenye chembe za rangi ambazo haziyeyuki. Mweusi wa namna hiyo unakaa. Pia kumbuka karatasi ya khaki ni kahawia, na wino wa aina nyingi unapitisha mwanga, kwa hiyo njano inamezwa kabisa, nyekundu nayo inalala. Nyeusi, bluu iliyokolea, kijani cha giza, basi.

Nimejibu kwa urefu kwa sababu hauko peke yako. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wanaokuja mezani kwangu kutaka muhuri wa mfuko wamewapita wanaotaka wa ofisi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Vile visu vyenye ncha ya mfereji unavyovitumia nimevitafuta maduka ya vifaa vya shule na vya ujenzi, sijavipata. Natumia wembe lakini unanikata vidole. (Mtoto wa Buguruni)

JIBU: Nzuri, mwanangu. Wembe mtupu achana nao leo hii. Kwa mistari tumia kisu chembamba cha kukatia karatasi, kile chenye ulimi unaokatwa vipande. Kwa kuchimba unahitaji bobari ndogo, ndicho hicho kisu cha mfereji unachokitafuta, na bobari iko ndani ya mwavuli uliovunjika. Zitazame njiti zake: chuma chembamba kilichokunjwa kuwa mfereji. Umbo hilo lilibuniwa na Mwingereza Samuel Fox mwaka 1852 ili mwavuli uwe mwepesi bila kupoteza nguvu, na limetufaa sisi wachonga mihuri bila yeye kujua. Kata kipande cha urefu wa kidole, noa ncha yake kwa mshazari upande wa nje kwenye jiwe la kunolea, kisha ichomeke kwenye mpini wa mti na uishike kwa gundi. Masika yakianza mitaro ya mjini inajaa miavuli ya namna hiyo. Angalia tu njiti ziwe za chuma. Siku hizi kuna za nyuzi za kioo, hizo hazinoleki na vumbi lake linawasha.

Kuhusu vidole: mkono unaoshika raba ukae nyuma ya ncha wakati wote. Kwenye kona usizungushe kisu, zungusha raba. Kisu kitulie, raba iende.

SWALI: Shikamoo mzee. Natengeneza sabuni za mche Kigamboni na nataka lebo zangu ziwe na maneno SABUNI YA NAZI. Niliandika kinyumenyume kwa jicho langu mwenyewe, nikachonga siku nzima. Nilipogonga, N zote mbili zimegeuka, na Z inasomeka kama S. Nimechoka. Nifanyeje nisikosee? (Dada wa Sabuni)

JIBU: Marahaba binti. Usiandike kinyume kwa jicho. Mimi nilijifunza herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, enzi za herufi za madini ya risasi. Mpangaji wa herufi alisoma mstari wake ukiwa umepinduliwa miguu juu, kutoka kushoto kwenda kulia, na macho yakazoea. Ilichukua muda mrefu, na hata hivyo tulikuwa tunatoa chapa ya majaribio kabla ya kazi yenyewe. Wewe una sabuni za kuchemsha, huna sababu ya kuupitia mlango huo.

Andika maneno yako kawaida, yanavyosomeka, kwa penseli laini ya 2B juu ya karatasi inayopitisha mwanga. Karatasi ya kuokea keki inatosha. Ipindue, upande wa penseli uangalie raba, ishike isicheze, sugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Penseli inahamia kwenye raba ikiwa imeshageuka yenyewe. Huhitaji kufikiri chochote. Nyunyiza poda kidogo ya mtoto na uifute, mistari isifutike chini ya kiganja chako ukiwa unachonga.

Kabla ya kukata, simamisha raba mbele ya kioo. Kwenye kioo maneno lazima yasomeke sawasawa. Kwenye jina lako A, U, I na Y hazina shida, pande zao zinafanana. Wanaosaliti ni S, B, N na Z, hao waangalie mmojammoja. Lakini usidanganyike kwamba neno lenye herufi za kufanana pande mbili ni salama: chonga UA bila kugeuza, utachapa AU. Mpangilio nao unageuka.

Sasa ukataji. Anza na matundu ya ndani, yale ya A na B, wakati raba inayoyazunguka bado ni nzima na ina nguvu. Kisha nje ya herufi. Ncha ya kisu ielekee nje, mbali na herufi, ili ukuta wa herufi uwe mpana chini na mwembamba juu. Ikielekea ndani, unakata shingo ya herufi yako. Itagonga vizuri mwanzoni, halafu miguu ya N itaanza kulala. Mistari isiwe myembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kina cha milimita mbili kinatosha karibu na herufi, ila sehemu pana zilizo tupu zishushe zaidi, maana karatasi huwa inazama pale.

Ule muhuri ulioharibika usiutupe. Kata vipande vyenye N mbili na Z, chonga nyingine kwenye raba ya unene uleule, pachika. Hakuna atakayejua.

Na kama unataka pia namba ya simu, anwani na uzito wa sabuni kwa herufi ndogondogo, hiyo kazi ipeleke kwa wenye mashine ya leza. Mtu anayechonga namba ya simu kwa mkono anajitesa. Mkono uuachie jina na picha ya nazi.

SWALI: Mzee wangu, nina haraka ya barua ya utambulisho na mwenyekiti wa mtaa hapatikani. Nimekutumia picha ya muhuri wao. Nichongee, au unielekeze vipimo nichonge mwenyewe. Nitakutoa vizuri. (Mwenye Haraka, Temeke)

JIBU: Hapana. Picha yako nimeichana. Kughushi muhuri ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na anayechonga anaingia pamoja na anayegonga. Nembo ya taifa nayo ina sheria yake, wala usije kunionyesha. Mwenyekiti asipopatikana, ofisi ya mtaa ina mtendaji. Nenda asubuhi, ukae kwenye benchi.

Hata wenye ofisi halali mnisikilize: muhuri wa kampuni au wa chama siuchongi bila barua ya mwenye mali na kitambulisho chake. Wengine wananuna. Wanune.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu Mbagala. Nataka watoto wachape picha, lakini visu siviruhusu darasani na fedha ya vifaa hakuna. Kuna njia? (Mwalimu)

JIBU: Ipo, na inaanzia sokoni. Nunua bamia nene zilizokomaa, zile ambazo mpishi anazikataa. Zikate katikati nyumbani kwako, uzilaze kwenye kitambaa utelezi ukauke. Kila kipande kinachapa ua, mara nyingi lenye vyumba vitano, na hakuna aliyechonga kitu. Kiazi kinafaa pia, ila kifute kila baada ya muda kwa sababu kinatoa maji yanayofifisha rangi.

Kwa muhuri wa kudumu, omba fundi baiskeli tyubu mbovu. Mpira wa tyubu unakatwa kwa mkasi wa shule. Watoto wakate maumbo, samaki, jani, pembetatu, wabandike juu ya vizibo vya chupa au vipande vya mbao. Tyubu ioshwe kwanza, ina unga ndani. Ndala zilizokwisha nazo ni nzuri kwa maumbo makubwa, lakini hizo uzikate wewe. Mkasi wa mtoto hauzipiti. Chukua upande ulio laini, na kama una mistari ya kuzuia kuteleza, usugue kwenye sakafu ya saruji mpaka utoke. Usitegemee mistari myembamba kwenye ndala: ule mpira una vipovu na utachapa nukta zake. Mimi nukta hizo nazipenda, zinafaa kwa ngozi ya samaki.

Pedi: sponji ya kuoshea vyombo ndani ya kifuniko cha ndoo ndogo, na rangi ya maji ya shule.

Halafu somo la Hisabati umelipata bure. Waambie wabandike herufi za majina yao kwa tyubu. Watakaochapa kinyume watagundua wenyewe ni herufi zipi zinakunjika katikati zikafanana pande mbili na zipi hazikunjiki. Usiwaambie mapema.

SWALI: Shikamoo fundi. Nataka kugonga maua kwenye vitambaa vya meza vya marekani, ile pamba isiyopaushwa, niviuze. Cha kwanza nilikigonga kwa wino wa pedi, kikapendeza, nikakifua, maua yote yakahama. Pia pindo la pembeni halikukutana, kwenye kona ua limekatika nusu. (Mshonaji, Ilala)

JIBU: Marahaba mama. Maua yalihama kwa sababu wino wa pedi umetengenezwa kwa karatasi, na maji ndiyo yaliyoubeba. Tumia rangi ya maji ya kuchapia fulana, ile inayouzwa kwenye makopo kwa wachapaji wa nguo. Rangi ya ukuta usijaribu, inakauka ngumu na kupasuka kwenye mikunjo. Na marekani mpya ina wanga wa kiwandani. Usipoifua kwa maji ya moto na sabuni kwanza, rangi inakaa juu ya wanga, na wanga ukitoka unatoka nayo.

Meza ya kugongea nguo lazima iwe na ulaini. Tandika blanketi kuukuu, juu yake shuka iliyonyooshwa, ndipo kitambaa. Rangi usiimimine kwenye pedi: ipake nyembamba kwenye kipande cha kioo, ichukue kwa sponji, gusa muhuri. Gonga kwanza kwenye kitambaa kibovu. Rangi hii ikikauka ndani ya mistari ya muhuri inakuwa plastiki, kwa hiyo weka beseni la maji karibu, na kila ukipumzika pitisha mswaki mzee. Ikauke kabisa, na siku za unyevu wa masika usiifanyie haraka, kisha piga pasi kavu isiyo na mvuke upande wa nyuma. Joto na dakika zimeandikwa kwenye kopo, zifuate hizo kuliko za kwangu. Usifue mapema, ipe siku chache.

Pindo ni hesabu, na hesabu inafanywa kabla ya kuchonga. Chukua khanga yoyote uitazame. Kiwanda kama Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilichapa kwa mashine, na mashine ndiyo iliyounganisha mchoro. Wewe mashine yako ni rula. Tuseme kitambaa chako ni sentimita 150 kwa 110. Chonga mihuri miwili ya pindo: mmoja wa kona, mraba wa sentimita 5, na mmoja wa upande, urefu wake sentimita 5 vilevile. Kona mbili zinakula sentimita 10 kila upande. Upande mrefu unabaki 140, yaani kugonga mara 28. Mfupi unabaki 100, yaani 20. Hakuna ua linalokatika. Kitambaa chako kikiwa na kipimo kingine, tafuta namba inayogawanya pande zote mbili bila kubaki, na hiyo ndiyo iwe urefu wa muhuri. Gonga kona zote nne kwanza, kisha anzia katikati ya upande ukielekea kwenye kona. Ukikosa milimita moja moja, utazigawa njiani badala ya kuzilundika mwisho.

Katikati ya kitambaa usijaze. Najua mkono unawasha. Khanga yenyewe, pamoja na kelele zake zote, ina mji wake wa katikati na ina pindo, na macho yanajua pa kupumzika.

SWALI: Nilihifadhi mihuri yangu kwenye boksi la plastiki linaloonyesha. Baada ya miezi nimeikuta imeng'ang'ania boksi, imenata na kuacha alama. Ni joto la Dar? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Joto linaharakisha, lakini mhalifu ni raba yenyewe. Zamani kifutio kilikuwa mpira wa mti kweli. Mwingereza Joseph Priestley aliandika mwaka 1770 jinsi unavyofuta penseli. Raba nyingi nyeupe za leo ni plastiki ngumu iliyolainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo yanahama taratibu kwenda kwenye plastiki nyingine inayoigusa, hasa ile ngumu inayoonyesha. Ndiyo maana raba mpya inauzwa ikiwa imevikwa kijikaratasi. Hata mihuri yako miwili ikilala uso kwa uso itashikana.

Ioshe kwa maji na sabuni tu. Petroli, tina ya fundi rangi na asetoni zinaila. Kisha funga kila mmoja kwa karatasi nyeupe, siyo gazeti, kwa sababu wino wa gazeti unahamia kwenye raba, na uiweke kwenye kasha la viatu, mbali na dirisha. Ile iliyonata ijaribu kwa msasa laini kama nilivyomweleza Mama Maandazi. Ikiwa kingo zimeshalegea, tumia upande wa pili wa raba.